Magoti Yangu Mawili na Mikono ya Ghati

Wewe uliyeambiwa goti lako libadilishwe, na sasa unauliza kila mtu ni njia ipi ya kisu iliyo nzuri, kaa hapa nikwambie. Mimi nimepasuliwa magoti yote mawili, na kila moja lilipasuliwa kwa njia yake. Naitwa Wegesa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno ya kitaalamu usiyatafute kwangu. Ila jina la mtu silisahau, hata la yule ambaye ningependa kumsahau.

Kwetu ni upande wa Nyakunguru, Tarime. Mume wangu Nyamhanga alifariki akaniachia binti mmoja tu, Robi, aliyeolewa Mugumu. Mtoto wa kiume sikujaliwa. Sisi Wakurya tuna njia yetu kwa jambo hilo: mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili amzalie watoto wa mji wake. Tunaita nyumba ntobhu. Ndivyo nilivyomuoa Ghati. Ng'ombe nilitoa mimi, zizi likabaki na mavi tu, watu wakanicheka. Ghati akanizalia wajukuu wawili, ambao walipokua wakaenda kusoma Mugumu kwa shangazi yao Robi. Nyumbani tukabaki mimi na yeye. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba Ghati hakuwa msichana wa kazi. Alikuwa mji wangu.

Magoti yaliniharibika taratibu, kama paa la nyasi linavyooza. Kwanza nilishindwa kuinama kupalilia wimbi. Kisha nikawa naingia chooni kwa kushika ukuta, na kutoka kwa kuita mtu. Nikitembea unasikia yanasaga, kama magunzi makavu ukiyasugua pamoja. Mvua za vuli zikianza nalia usingizini. Ndipo Robi na mume wake wakanipeleka Mwanza, kwenye hospitali moja kubwa, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, tukaitwa kwa Daktari Masanja.

Daktari Masanja alikuwa kijana mpole. Alinisalimia shikamoo kabla hajagusa mguu wangu. Robi alimuuliza atakata vipi, maana alikuwa amesikia kuna njia mbili. Yule daktari akashika pindo la khanga yangu.

"Mama, chukulia kwamba hii khanga ndiyo nyama ya paja lako inayoshuka mpaka kwenye goti. Mimi nataka kufika chini yake. Naweza kuikata hapa, nikaifunua, nikafanya kazi yangu, halafu nikaishona. Au naweza kuinua pindo nikapita chini bila kuikata."

"Pita chini," nikasema. "Khanga iliyoshonwa haifanani na nzima."

Akacheka. "Ukikata, unafanya kazi mahali peupe, unaona kila kitu. Ukipita chini ni kwembamba, lakini siku za mwanzo maumivu huwa nafuu kidogo na mtu anainua mguu mapema. Wewe mwembamba, na goti hili la kushoto halijapinda sana. Tunaweza kupita chini."

"Na baadaye?" Robi akauliza.

"Baadaye wengi huwa sawa tu, dada. Lakini njia yoyote nitakayopita, goti lazima likunjwe kila siku, hata akilia. Lisipokunjwa linafunga, na likishafunga mimi sina ufunguo. Nani atakuwa naye nyumbani?"

Ghati alikuwa amesimama mlangoni na kapu la vyakula. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye nitakunja."

Hilo neno nililisikia kwa masikio yangu. Daktari Masanja alilisikia. Robi alilisikia.

Walinichoma sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, lakini masikio yalikuwa hai. Nilisikia msumeno. Nilisikia nyundo, ko, ko, ko, kama fundi anayeweka bawaba za mlango. Nikawaza, huyu kijana mpole kumbe ana mkono mzito.

Kitanda cha pili wodini alikuwepo Mama Sabina wa Bunda, mnene, mcheshi, naye kapasuliwa goti siku ileile. Yeye alikatwa ile njia ya kufunua, kwa sababu mguu wake ulikuwa umepinda kama upinde. Kesho yake walipotuambia tuinue miguu, mimi niliinua. Uliondoka kitandani, ukatetemeka, lakini uliondoka. Wa Mama Sabina ulibaki palepale kama gogo.

"Angalia huyu Mkurya!" akasema. "Goti la jana, leo anataka kucheza ngoma!"

"Wewe khanga yako imekatwa," nikamwambia. "Yangu nzima."

"Tutaona wifi, tutaona. Mashindano hayaishii hapa wodini."

Dada wa mazoezi aliitwa Neema. Akimkunja Mama Sabina, yule mama analia mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wanauliza nani amefariki. Mimi nilikuwa nacheka nimejifunika shuka. Neema akamfundisha Ghati: nikae ukingoni mwa kitanda, mguu uning'inie, Ghati ashike kifundo na kukisukuma taratibu kuelekea nyuma, ashikilie hapo hata nikimtukana. Na akatuonya jambo moja: mto usiwekwe chini ya goti, hata kama unaona raha, kwa sababu goti likizoea kulala limejikunja kidogo halitanyooka wala kukunjika. Ghati alifuata kila kitu. Ana mikono migumu ya kupura wimbi, tena haina woga.

Tulirudi nyumbani mvua zikiwa zimeshika. Siku za mwanzo Ghati alinikunja asubuhi na jioni, na sitasema uongo, alinikunja vizuri. Mimi namrushia maneno.

"Ningejua una roho hii, wale ng'ombe ningewapeleka mji mwingine!"

"Ng'ombe wameshaliwa, mama. Kunja."

"Mungu anakuona!"

"Na ashuhudie basi. Kunja."

Mguu ulikuwa umevimba, ngozi imekuwa nyeusi na kijani kama parachichi lililoiva, tena una joto, ungeweza kukaushia nguo. Lakini kisigino kilikuwa kinarudi nyuma. Kila siku kinarudi kidogo.

Kisha ikaja rashi. Watu walisema dhahabu imeonekana kwenye mlima nyuma yetu, karibu juu ya ardhi, mtu analima anaikuta. Hata wiki haikuisha, wageni wakajaa, wengine kutoka Geita, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, wakajenga vibanda vya turubai nyeusi. Nikiwa kitandani nilisikia karasha, ile mashine ya kusaga mawe, inaunguruma tangu alfajiri. Kikombe kilikuwa kinatetemeka juu ya meza. Wanawake walikuwa wanagonga mawe na kuchekecha kifusi, na jioni wanarudi weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, wanacheka.

Ghati alianza kwenda mara moja moja, baada ya kunikunja. Halafu akawa anakwenda kabla, ananikunja jioni. Halafu jioni akawa amechoka. "Leo limevimba sana, mama, tulipumzishe." Nami goti liliniuma, nikafurahi. Mgonjwa akiambiwa apumzike atabisha?

Siku moja Robi akapiga simu. Ghati aliongea naye akiwa amesimama mlangoni, mgongo kwangu.

"Anaendelea vizuri dada. Anakunja, kisigino kinaingia mpaka chini ya kitanda. Ungemwona ungeshangaa."

Mimi nilikuwa nimelala chali nyuma yake, mguu umenyooka kama mchi. Alipokata simu aligeuka, akakuta namtazama.

"Dada ana presha," akasema. "Tusimtie wasiwasi."

Nilitaka kumpigia Robi, lakini simu ilikuwa moja tu, na alitembea nayo yeye.

Asubuhi moja aliniamsha mapema, akaniogesha kwa maji ya moto. Akanipaka mafuta mpaka kwenye vidole vya miguu. Akanivalisha gauni safi. Uji akaujaza kwenye chupa ya chai, akaiweka karibu na mkono wangu wa kulia, na kikombe, na ndizi, na dumu dogo la maji. Ile ndoo ya haja akaisogeza karibu na kitanda. Fimbo akaiegemeza pale ninapofikia. "Nakwenda nakuja," akasema.

Nikasema moyoni, leo mkamwana wangu amerudi kuwa yule niliyemuoa.

Jua lilipotua nilimimina uji wa mwisho kwenye kikombe, nikatazama vile vitu vilivyonizunguka, dumu, ndizi, ndoo, fimbo. Ndipo nikaelewa. Vilikuwa vimepangwa vya kutosha siku nzima bila mtu. Hakuna anayempangia mgonjwa hivyo kama anarudi saa sita. Alijua tangu ananipaka mafuta. Afadhali angeondoka kwa matusi. Mpaka leo harufu ya yale mafuta inanitoa machozi, na magoti hayajawahi kunitoa machozi ya namna ile.

Jirani yangu Nyamburi ndiye alinikuta. Nyamburi ni mtu mwema, nisimsingizie. Alinipikia, alinifulia, alilala kwangu. Lakini kwetu mama mtu mzima akiwa mgonjwa hasumbuliwi. Anawekwa mahali pazuri, anafunikwa, watu wanakuja kumwona, wanamwambia pole, tulia, usijihangaishe. Nilipomwomba Nyamburi anikunje goti alishtuka.

"Nikuvunje tena, Wegesa? Watu watasema nimekuua."

Akakunja blanketi, akaliweka chini ya goti langu. Nilimweleza onyo la Neema. Nikilitoa, anayekuja kuniona analirudisha kwa upendo. Kila aliyeingia alisema, "Hapo sasa, mama, lala hivyohivyo." Na raha niliipata kweli. Mimi mwenyewe nilijaribu kukaa ukingoni nijisukume na mguu mwingine, lakini goti la kulia nalo lilikuwa bovu, na nguvu sikuwa nazo. Nikawa nafungwa, siku baada ya siku, katikati ya watu wanaonipenda.

Habari za Ghati zilifika zenyewe. Alikuwa kwenye rashi nyingine mbali, anapikia wachimbaji na kuchekecha kifusi. Robi alikuja wakati wa kupalilia mahindi, baada ya Nyamburi kumtafuta kwa simu ya mwanawe. Aliingia na samaki wa bwawa la Manchira amewafunga kwenye majani, anacheka, "Mama, nionyeshe hicho kisigino cha chini ya kitanda!" Nikamwonyesha. Samaki wakabaki chini pale mlangoni.

Tukarudi Mwanza. Kwenye benchi lile lile la kusubiri, mguu wangu wa kushoto umetokeza mbele mpaka katikati ya njia. Kwetu mguu wa mtu mzima haurukwi, ni mwiko, na nadhani watu wengi wana mwiko huo, maana kila aliyeitwa ndani aliuzunguka, manesi kwa wagonjwa, pole mama, pole mama. Akaja mtu mmoja mnene anatembea haraka, akauzunguka mguu wangu, akakaa karibu yangu, akaingiza miguu yote chini ya benchi. Chini kabisa. Alikuwa Mama Sabina.

"Wifi!" akasema. Akatazama mguu. Akatazama uso wangu. Nilikuwa nasubiri utani wake, nilishauandalia jibu. Hakutania.

"Wewe nani alikuwa anakukunja?" nikamuuliza.

"Mume wangu. Yule mzee mlevi. Nilikuwa nalia, naye analia, tunakunja." Akanishika mkono. "Na wewe?"

Nikasema, "Mimi khanga yangu ilikuwa nzima."

Daktari Masanja alinilaza kwa dawa, akalikunja kwa nguvu nikiwa sijitambui. Likaachia kidogo, likagoma. Aliniambia tumechelewa. Hakunilaumu, wala yeye hakukosea. Kazi yake ilikuwa safi, kovu langu mpaka leo ni jembamba kama uzi. Niliweza kutembea, na yale maumivu ya zamani ya kusaga yalikwisha, hilo nalishukuru. Lakini kukunja, basi.

Nilikaa kwa Robi Mugumu mpaka mavuno ya wimbi yakapita na mengine yakaja. Mguu wa kushoto ukiwa gogo, mzigo wote ukaenda kulia, na goti la kulia nalo likafa. Ilibidi lipasuliwe. Safari hii tulivuka mpaka, kwa sababu wifi yangu Nyangi, dada wa marehemu mume wangu, ameolewa ng'ambo na nyumba yake iko jirani na hospitali ya masista. Daktari wa pale, Otieno, alitazama picha akatikisa kichwa. Goti limepinda vibaya, halipitiki chini. Atakata na kufunua.

Nililia. Siyo kwa kuogopa kisu. Nilijua nani hayupo.

Na kweli lile la pili lilikuwa kali. Mguu niliambiwa niuinue, haukuondoka kitandani, kama ule wa Mama Sabina. Naukodolea macho, nauomba, haunisikii. Maumivu yalikuja mpaka kwenye meno. Kwa siku za mwanzo, nakwambia ukweli, hayo magoti mawili hayakufanana hata kidogo. La kushoto lilikuwa mtoto wa malaika ukilinganisha na la kulia. Kama ningeulizwa wiki ile, ningekwambia ukimbie ile njia ya kufunua.

Robi ndiye alipaswa kunikunja. Anaweka mikono yake juu ya kifundo, anavuta pumzi, machozi yanamtangulia. Nikiguna tu, anaachia. "Basi mama, basi, kesho." Kesho ni ile ile.

Tukiwa tumeshahamia kwa Nyangi, mtu akapiga hodi. Nilimjua kwa sauti. Ghati alikuwa amekonda, kucha zimekatika, amebeba kifurushi kimoja cha nguo. Lile duara, shimo la dhahabu walilokuwa wakilitegemea, lilijaa maji, watu wakatawanyika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Salamu haikataliwi.

"Nimesikia umepasuliwa. Nimekuja kukunja."

"La kwanza umeshalimaliza?"

Akatazama chini. Robi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Toka! Toka kabla sijaita wanaume wa mji huu! Unarudi baada ya dhahabu kukukataa? Ng'ombe wetu watarudi, nitakwenda mwenyewe mpaka kwa baba yako!"

Ghati hakutoka, na hakujitetea. Mimi nililala pale natazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwa mawe, migumu kuliko zamani. Nikatazama mikono ya binti yangu, laini, imeng'ang'ania mwiko. Nilikuwa na goti moja limebaki duniani.

"Robi, mwache," nikasema.

"Mama!"

"Wewe unanipenda sana, mwanangu. Huwezi. Mwache huyu akunje."

Robi akatupa mwiko, akatoka nje. Wiki nzima hakunisemesha vizuri, na sikumlaumu.

Ghati akanawa, akapiga magoti, akashika kifundo. Alikunja asubuhi, mchana na jioni. Nililia kama Mama Sabina, Nyangi akawa anafungulia redio ili majirani wasisikie. Sikumtania Ghati kuhusu ng'ombe, na yeye hakutania. Siku moja tu, katikati ya kukunja, alisema bila kuinua kichwa, "Wakati ule kila siku nasikia karasha, mama. Dunia nzima inaokota dhahabu, mimi nimeshika mguu."

"Sijakuuliza," nikasema. "Kunja."

Nilimwelewa, lakini. Alikuwa msichana, na mlima unawaka mbele ya macho yake. Kumwelewa hakukufungua goti la kushoto.

Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele nilikuwa natembea na fimbo moja, na goti la kulia linakunjika vizuri. Kwa hiyo wewe unayeuliza njia ya kisu, sasa umesikia. La kushoto lilipita njia ya upole, ndilo lililofunga. La kulia lilipita njia ya kukata, ndilo zima. Usiende kusema Wegesa kasema njia ya kukata ni bora, sikusema hivyo. Muulize daktari wako, mfuate, kila goti lina umbo lake. Ila kabla hujaingia chumba cha kupasuliwa, watazame watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja, uchague mikono. Usichague anayekuonea huruma. Na usichague mmoja tu.

Tumerudi kwetu, mimi na Ghati. Ng'ombe sikuwadai. Wajukuu wakija likizo wanatukuta wawili, chakula kipo, wanadhani yamekwisha. Jioni nakaa kwenye kigoda changu mlangoni, mahali anapokaa mwenye mji. Goti la kulia nimelikunja, mguu umeingia chini yangu kama wa msichana. Wa kushoto umenyooka mbele, umeziba mlango kutoka mwimo mpaka mwimo, na hauwezi kuingia ndani hata nikitaka.

Ghati anatoka kisimani, ndoo kichwani. Mguu wa mtu mzima haurukwi. Anausogelea, anasimama, ananitazama kama nitasema kitu. Kisha anazunguka nyumba, anapitia mlango wa nyuma wa jikoni, na maji yanamwagika kidogo njiani. Kila jioni anazunguka.